Siku Niliyomng'olea Rafiki Yangu Mlango

Iko siku moja Karatu, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo natazama chini kwa aibu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana mwenye nyumba ya tofali ya vyumba viwili, basi nikajiona mkubwa kweli kweli. Chumba kimoja nilimpangisha rafiki yangu Elibariki, kijana wa Marangu aliyeendesha magari ya watalii kwenda kreta kutazama wanyama. Hatukuandikiana kitu. Karatasi ya nini, nilisema, na sisi tunakula sahani moja?

Kodi alilipa vizuri, sina la kumsingizia. Shida ilikuja pale mama yangu, aliyekuwa akiishi peke yake Mbulu, alipoanza kupoteza macho. Jumapili tukitoka kanisani nikamwambia Elibariki kwamba Jumatano nataka chumba. Akashtuka. Mke wake alikuwa na wiki mbili tu tangu ajifungue.

"Aisee kaka, nipe mwezi mmoja nitafute pengine. Kichanga nikipeleke wapi na baridi hii?"

"Nyumba ni yangu," nikamjibu. Eti yangu!

Jumatano asubuhi akaingia kreta na wageni. Mimi huku nyuma nikachukua nyundo na bisibisi, nikang'oa mlango wa chumba chake, nikauegemeza nyuma ya jiko. Wenye nyumba wengi walifanya hivyo siku zile: humgusi mtu, unauachia ukungu wa mlimani umtoe wenyewe. Mke wake hakunitukana. Alitundika kanga pale mlangoni, akamkumbatia mtoto, akaketi ndani.

Mchana nikampokea mama stendi, nikamwongoza hadi nyumbani, njia nzima najisifu kwamba nimempatia chumba. Akapapasa ukuta kutafuta mlango, mkono ukakamata kanga. Ndani mtoto akapiga chafya.

"Nani huyo?"

Nikajiumauma, nikaeleza. Mama akarudisha mguu nyuma.

"Umemng'olea mzazi mlango ili mimi nilale? Silali humo. Nipeleke kwa balozi wenu, sasa hivi."

Mwanangu, hebu fikiria! Mama amechoka na safari, haoni, hana pengine pa kulala, na bado anakikataa chumba. Sikuwahi kumwogopa mtu vile, wala kumheshimu mtu vile.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mama mkulima wa vitunguu, mpole, ila sheria anaijua. Hakupaza sauti. Kwanza aliniamuru nirudishe mlango, majirani wote wakitazama. Kisha nikaandika notisi, nakala mbili: sababu, tarehe, na mwezi mzima wa kuhama. Elibariki aliporudi jioni aliisoma, akasaini, balozi naye akasaini kama shahidi.

"Huyu angekushtaki," balozi akaniambia, "na angekushinda, na nyumba ni yako."

Nikaitazama ile notisi. Ilikuwa karatasi ya daftari la shule tu, lakini mbele yake mimi na nyundo yangu hatukuwa kitu.

Mwezi ule mama alilala kitandani kwangu, mimi nikalala sakafuni jikoni, na ilinistahili. Siku ya mwisho Elibariki alipakia vyombo vyake, akakipaka chumba chokaa bila kuombwa. Halafu, wewe! Akamshika mama yangu mkono, akamwingiza taratibu, akimwonyesha kitanda kilipo na dirisha lilipo. "Karibu nyumbani, mama," akasema. Mimi nilisimama nje, machozi yananitoka kama mtoto.

Basi nisikilize. Ukimpangisha rafiki, andikianeni siku ile ile anapoingia, wakati bado mnacheka. Ukikitaka chumba chako, mpe notisi ya maandishi mbele ya shahidi, na muda wa kutosha. Akigoma, nenda kwenye baraza la ardhi na nyumba, likuamulie lenyewe. Mlango wake usiuguse, wala bati, wala godoro. Mungu akujalie nyumba, mwanangu, tena kubwa, na kila atakayehama kwako arudi siku nyingine kukusalimia.