Maji Yasiyorudi Juu

Leo ukimwambia mtu kwamba kijijini kwetu Nambis kuliwahi kutafutwa makaa ya mawe, atakucheka. Mimi sicheki. Miaka ile serikali ilikuwa imefungua milango ya biashara, Manyara ilikuwa mkoa mchanga uliokatwa kutoka Arusha, na kila mwenye gari na leseni ya utafutaji madini aliitwa mwekezaji. Kampuni iliyokuja kwetu ilikuwa ndogo, na imeshakufa siku nyingi. Mtu alikuwa ameokota mawe meusi kwenye korongo chini ya shamba letu, akayatia motoni, yakafuka moshi. Hilo likatosha kuwaleta.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani, msichana mwenye mdomo na asiye na kazi, nikachukuliwa kuwa mkalimani. Wazee wetu wengi Kiswahili walikijua cha mnadani tu, na baba yangu hata hicho alikibania. Mtaalamu wa miamba alikuwa kijana kutoka mbali, mpole, anayekohoa kwa baridi yetu.

Alinieleza kazi yake tukipanda kilima. Ukitaka kibali cha kuchimba makaa chini ya ardhi, alisema, huendi serikalini ukasema tu kwamba unayo. Unatakiwa uieleze ardhi yote, kuanzia kwenye nyasi mpaka chini ya tabaka la mwisho la makaa. Jiwe lililo juu ya makaa ni la aina gani, maana ndilo litakalokuwa paa la wachimbaji. Jiwe lililo chini je, maana ndilo watakalolikanyaga. Maji yanapita wapi, na chemchemi ya nani inaweza kukauka au kuharibika. Na kama kuna mashimo ya zamani yaliyochimbwa na watu, yaonyeshwe yote. Nilimpenda kwa maswali yale. Wageni wengine waliokuja kwetu waliuliza bei ya maharage na kura tutampa nani.

Visima na chemchemi wazee walimwonyesha bila shida. Alipofika kwetu alimwamkia baba shikamoo, baba akaitikia, nami nikauliza habari ya mashimo. Baba aliwatazama ng'ombe wake, kisha akasema kwa Kiiraqw kwamba chini ya nyasi zake kuna udongo, na chini ya udongo kuna mawe, kama kwa watu wote. Nikatafsiri hivyo hivyo. Sikujua lingine.

Lakini lilikuwepo. Zamani, wakati wa kuvamiana na kuibiana mifugo, babu zetu walichimba vyumba ndani ya kilima, vya kuficha watu na ng'ombe. Katika ukoo wetu mahali pale paliendelea kuwa siri hata baada ya maadui kuwa majirani tunaouziana mitamba mnadani. Baba humwonyesha mwanawe wa kwanza wa kiume, anapoanza kujiona mzee, wakiwa wawili tu. Mke haambiwi kwa kuwa ametoka ukoo mwingine. Binti haambiwi kwa kuwa ataenda ukoo mwingine. Haya niliyajua baadaye, yakanikera, na bado yananikera. Kaka yangu naye alikuwa hajaonyeshwa. Baba alijiona bado ana nguvu.

Mashine ya kuchoronga iliwekwa nyuma ya zizi letu, kwa kuwa ndipo palipokuwa tambarare; baba hakupinga, maana angetakiwa kutoa sababu. Kaka akapata kibarua pamoja na vijana wengine wa Nambis na kijiji jirani cha Bashay, kubeba mabomba na kumimina maji. Mashine ile inakunywa maji sana. Yanashuka ndani ya bomba kupoza kekee inayokata mwamba, kisha yanarudi juu yakiwa tope, na mtaalamu analichunguza tope hilo kujua amefika kwenye jiwe gani.

Asubuhi moja maji yakaacha kurudi. Walimimina, yakaenda. Wakamimina tena, yakaenda. Fundi wa mashine akasema ni ufa tu kwenye mwamba, waongeze maji na udongo mzito wauzibe. Baba alikuwa amesimama kwenye ua wa zizi, blanketi begani, anasikiliza. Akamwita kaka.

"Njoo. Ndama amepotea."

"Ndama wote wapo, baba. Nimewaona nikitoka."

"Nimesema njoo."

"Nikiondoka watampa mwingine kazi yangu." Kaka akarudi kwenye mabomba.

Nimeifikiria sana asubuhi ile. Baba angeweza kumfuata na fimbo na kumtoa pale mbele za watu. Kaka angenuna, lakini angetoka. Wangebaki watoto wa watu wengine juu ya ile mashine, na siri ingebaki ya ukoo. Nina hakika wazo hilo lilimpitia, kwa sababu alishika fimbo yake, akapiga hatua, akasimama. Aliwatazama wale vijana mmoja baada ya mwingine. Wote aliwajua baba zao. Kisha akaja kwangu.

"Waambie kuna nyumba chini," alisema.

"Nyumba gani, baba?"

"Ya babu zako. Wamesimama juu ya paa lake. Waambie watoke."

Nilipiga kelele kwa Kiswahili mpaka koo likauma. Mtaalamu hakuniuliza mara ya pili. Alizima injini mwenyewe, akawafukuza vijana wote mpaka ng'ambo ya zizi, huku fundi akitukana kwamba mashine ni ya kukodi. Kabla ya mchana ardhi ilianza kudidimia, taratibu, bila kishindo nilichokitegemea. Mashine ikainama, ikalala ubavu ndani ya shimo pana kama zizi lenyewe. Pale kaka alipokuwa amesimama na ndoo yake hapakuwa na kitu. Mama alimshika kaka shati na hakumwachia mpaka alipotulizwa na wanawake wenzake.

Makaa hayakupatikana. Kampuni iliivuta ile mashine ikaondoka, na shimo likabaki wazi. Watu walikuja kutoka vijiji vya jirani, walimu wakaleta wanafunzi, wakashuka kuangalia masizi ya mioto ya zamani ukutani na mifupa ya ng'ombe. Mvua zilipoanza kuta ziliporomoka, likawa dimbwi la tope.

Wazee wa ukoo walimwita baba. Baadhi yao walitaka kunisukumia lawama mimi, kwamba mzee alizungumza na mwanawe kwa lugha yetu, ni msichana ndiye aliyetangaza. Baba alikataa. "Aliyesema ni mimi," aliwaambia. Akatoa dume na pombe, wakala, wakanywa, wakamsamehe. Tulikuwa Wakristo, lakini mambo ya ukoo hayapelekwi kwa padri.

Kaka hakusamehe. Alisema yeye ndiye mrithi, na urithi wake ameonyeshwa pamoja na watoto wa darasa la pili. Nilimwambia kwamba baba angenyamaza, yeye angezikwa mle. Akanijibu kwamba baba angemwonyesha mapema, asingekubali kusimama pale hata kwa dakika moja. Hapo alikuwa na haki, ndiyo maana nilimtukana. Kwa miaka mingi alimsalimia baba shikamoo ya kutimiza wajibu, akapita.

Baba alipougua mara ya mwisho, miguu ilimwisha nguvu kwanza. Alasiri moja aliomba apelekwe nyuma ya zizi. Kaka akambeba, mimi nikafuata na kigoda. Baba alikaa akilitazama dimbwi lile lililoota matete.

"Baba yangu alinileta hapa," alisema. "Nami nilitakiwa nikulete. Sasa sina cha kukuonyesha, mwanangu."

Nilimwomba Mungu kaka asiseme jambo baya. Kisha akachuchumaa kwenye matope mbele ya kigoda, uso kwa uso na baba.

"Nitazame, baba," alisema. "Nipo."

Baba alinyoosha mkono wake. Akampapasa kichwa, kisha mabega, kisha mikono yote miwili, polepole, mpaka akaridhika.