Mnadhimu Mkuu na Mtumbwi wa Mama

Asubuhi ile kwetu Kashikishi kulinuka samaki kama siku zote, na mama alikuwa amenikasirikia kwa sababu chumvi niliyonunua ilikuwa na mawe. Tulikuwa tunavuka Ziwa Mweru kwenda Kilwa ya Zaire, alikooa kaka yangu Musonda na kubaki hata baada ya kufiwa na mkewe. Tungeuza chumvi, tungemwona Musonda, tungerudi. Mama alizaliwa kisiwani Chisenga, na hakuna safari aliyoacha kunikumbusha kwamba akifa azikwe kwao, si ng'ambo. Nikamwambia kwa ukali ule hata kifo kitamkimbia. Akacheka mpaka akalazimika kushika ukingo wa mtumbwi.

Chumvi haijaisha, waasi wakaingia Shaba, mkoa ule ule wa Kilwa.

Kilwa hatukuona mapigano makubwa. Tuliona watu wakifika kwa miguu na magodoro kichwani, kisha tukaona askari. Baada ya wale wa serikali walikuja wa nchi rafiki, nchi kadhaa za Afrika zilizoungana kuulinda mkoa. Kila nchi ilikuja na askari wake, lugha yake na mapishi yake, wote wakabanana katika shule ya misheni.

Musonda alipenda mambo ya wakubwa kuliko nyavu zake. Ndiye aliyenieleza kwamba chini ya jenerali wao yuko mnadhimu mkuu, na kwamba huyo ndiye wa kuangaliwa.

"Jenerali anasema, ule ndiye anapanga," aliniambia. "Anaunganisha majeshi yote. Bila yeye, hawa batapigana benyewe kwa benyewe."

Amri ya kwanza ya mnadhimu mkuu tuliyoisikia ilikuwa ya kufunga ziwa. Waasi walikuwa wakitoroka kwa maji, kwa hiyo mtumbwi wowote ulipigwa marufuku. Ndipo mama akashikwa na malaria. Muuguzi wa zahanati alikuwa amekimbia, na dawa zilikuwa Nchelenge, upande wa pili wa maji ambayo nilikuwa nayaona kutoka mlangoni. Alifia mikononi mwangu kwa ugonjwa wa kutibika. Hasira ile ninayo mpaka leo.

Kilichobaki ni kumfikisha Chisenga. Musonda alisema ataenda kwa mnadhimu mwenyewe, nami nikamfuata.

Nilitegemea kukuta simba. Nilikuta mtu mwembamba mwenye miwani na sauti ya padri, amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani. Alisema Kifaransa, na koplo mmoja mwenyeji wa Shaba akatafsiri.

"Mukubwa, mama yetu amekufa," Musonda alisema. "Tunaomba kumurudisha kwabo, Chisenga."

Mnadhimu aliuliza mengi, na aliuliza kwa adabu. Mtumbwi ni wa rangi gani? Una mota? Wanaopanda ni akina nani? Musonda alijibu yote bila kusita. Mwishowe mnadhimu alikitoa kitambaa cheupe kwenye meza ya chakula ya maofisa, akakikung'uta makombo na kutukabidhi.

"Anasema mufunge hii kitambaa," koplo alisema. "Ataambia baaskari bote ba pa ziwa. Muende kesho asubui, hakuna mutu atabasumbua."

Alikuwa mtu mwema. Nalisema wazi, maana wanaonisikiliza hutaka nimtukane.

Kwetu mtumbwi unaobeba maiti hufungwa matawi mabichi mbele. Anayeuona kwa mbali huacha kupiga kasia, huvua kofia, na wanawake wa ufukweni huanza kulia kabla haujatia nanga. Asubuhi ile majirani walileta matawi bila kuombwa. Kumweleza mnadhimu habari hiyo hakukutujia akilini, kama vile usivyomweleza mtu kwamba kwenye msiba watu hulia. Na kwa kuwa matawi yalikuwa yameshachukua mbele, kitambaa tulikifunga nyuma.

Hatukujua kwamba askari wa doria walikuwa na amri nyingine, ya zamani zaidi. Waasi walikuwa wakiifunika mitumbwi yao kwa majani. Mtumbwi wenye majani ni wa adui.

Tulikuwa mimi, Musonda, wapiga kasia wawili na jeneza.

Boti ya doria ilitokea mbele yetu ikija kwa kasi.

Musonda alisimama, akainua mkono. "Ni bale tuliambiwa," alisema. Uso wake ulikuwa na furaha.

Wakapiga risasi.

Musonda aliketi taratibu juu ya jeneza la mama. Nilidhani ameketi tu.

Nilitambaa hadi nyuma, nikakichomoa kitambaa na kukipunga. Wakaacha kupiga.

Walitukokota kurudi Kilwa. Mnadhimu mkuu alikuja ufukweni anakimbia, kichwa wazi. Alimtazama Musonda, kisha akayatazama matawi kwa muda mrefu.

"Anauliza, juu ya nini mulifunga majani?" koplo alisema.

"Sababu ni maiti," nilisema. "Maiti inasafiri na majani. Wewe hukujua?"

Koplo aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa huku huku, alijua, na hata yeye hakukumbuka kusema. Alipotafsiri, mnadhimu alikaa mchangani na suruali yake iliyopigwa pasi. Akawa anarudia sentensi moja, na koplo akanipa kwa sauti ndogo: "Anasema alibaambia kitambaa. Alibaambia bote kitambaa."

Nimeishi miaka mingi na maneno hayo. Naamini aliwaambia askari. Kazi yake ilikuwa kuyafanya majeshi mengi yaelewane, na siku ile yalielewana vizuri kabisa. Sisi ndio ambao hatukuwamo. Sijamsamehe, na pia sijapata kosa la kumsamehe. Ni uchungu usio na mahali pa kuutua.

Kesho yake tulivuka tena, majeneza mawili yamefunikwa mikeka, kitambaa kikiwa mbele. Mnadhimu aliagiza pasiwe na jani hata moja, nami sikubishana, nilitaka kuzika. Boti yao ilitusindikiza mpaka katikati ya ziwa, ikageuka.

Chisenga ilikuwa haijaona mfanyabiashara tangu ziwa lifungwe. Wanawake waliuona mtumbwi mzito, usio na majani, wakafurahi. Walitukimbilia na vikapu vya samaki wakavu, wakapiga vigelegele, wakaingia majini mpaka magotini. Mbele yao alikuwa mdogo wake mama, kikapu kichwani.

"Mwaiseni! Karibuni!" alipaza sauti.

Aliponitambua alicheka, akaniuliza mama yuko wapi, na mbona Musonda hakuja kumshika mkono ashuke.

Nilimtua kikapu kwanza, ndipo nikamwambia.