Zoezi la Kila Asubuhi

Nilisomea falsafa chuoni kabla ya kurudi Idsowe, kijijini kwetu kando ya mto, kufundisha shule ya msingi, na katika yote niliyofundishwa, moja ndilo lililonikaa akilini. Wayunani wa kale hawakuiona falsafa kuwa somo la mtihani. Waliiishi, kama mtu anavyoshika swala zake. Zoezi nililolichukua kwao lilikuwa la asubuhi: kabla ya kuinuka, unamfikiria unayempenda na kujiambia kwamba atakufa, huenda leo, ili likitokea likukute umejiandaa.

Nilimfanyia hivyo binti yetu wa pekee tangu azaliwe. Mke wangu aliponiuliza mbona kila nikiamka namkodolea macho mtoto aliyelala, nilimweleza.

"Huo ni uchuro," alisema. "Acha."

Sikuacha.

Mtoto alipokuwa na miaka sita mto ulifurika, ukaingia mashambani, kisha nyumbani. Tulihamia kwenye tuta la barabara, tukalala chini ya turubai pamoja na majirani. Baada ya siku chache mtoto akaanza kuharisha, na kufikia jioni hakuweza kusimama. Maji yalikuwa yameikata barabara ya kwenda hospitali ya Garsen, kwa hiyo alfajiri tulipata mtumbwi. Mke wangu alimpakata, mimi nikamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Hatukuwa tumefika mbali aliponiambia, "Hamezi tena." Mwenye mtumbwi alipiga kafi kidogo, kisha akageuza bila kuambiwa.

Sikulia. Tulimzika kwenye mwinuko uliobaki mkavu, na mimi ndiye niliyewashukuru waliokuja. Watu walisifu moyo wangu. Kusema kweli, nilijiona nimefaulu.

Siku tatu mke wangu hakunisemesha. Siku ya nne alisema taratibu, "Mwalimu, wewe umemzika kila asubuhi, miaka sita. Mimi nimemzika juzi, tena peke yangu."

Akaenda Ozi kwa mama yake.

Maji yalipopungua nilirudi nyumbani kukwangua matope. Asubuhi ya kwanza, kwa mazoea, nilianza zoezi langu, nikakosa wa kumfanyia. Nikajaribu kukumbuka kicheko cha mwanangu. Hakikuja. Kilichokuja ni uso wake akiwa usingizini, maana ndio niliokuwa nikiutazama. Nililia mpaka jirani akaja kusimama mlangoni.

Siwalaumu wale wa kale. Nadhani walitaka mtu ajue kwamba mpendwa wake atakufa ili akae naye vizuri leo. Mimi niliishia kwenye kujua.

Nilimfuata mke wangu Ozi. Nilimkuta akipepeta mpunga.

"Nisimulie alivyokuwa," nilimwambia.

"Ulikuwepo," alisema.

"Nisimulie hata hivyo."

Aliweka ungo chini, akaanza na siku mtoto alipokataa kuvaa viatu vya shule. Alisimulia mpaka sauti ikamkauka. Siku hiyo nilirudi Idsowe peke yangu.