Kipande cha Kyungu

Kyabu hana subira na watu wanaopamba upuuzi kwa sauti ya taratibu, na Jumamosi ile, katika ukumbi wa parokia, alikuwa amevumilia saa nzima. Aliyekuwa akisema ni Mukalay, mtoto wa mtaa huohuo, aliyekwenda kusoma Lubumbashi akarudi na begi la kompyuta na tabia ya kufumba macho anapoongea. Alieleza kwamba wakubwa wanabishana: je, serikali impe kila raia fedha kidogo kila mwezi, awe na kazi au asiwe nayo, kwa kuwa madini ni mali ya wote? Au wapewe maskini wa kutupwa peke yao? Chama chake kilikuwa kikikusanya maoni ya kila mji, na karatasi ya Kamina ilikuwa mezani mbele yake, bado nyeupe.

Mukalay alitaka iandikwe maskini peke yao. Kyabu alilijua hilo, maana siku mbili kabla kijana huyo alifika kwake, akala karanga zake, akamwambia kwamba wajane wa sokoni humsikiliza yeye. Akimuunga mkono, jina lake na la binti yake Kabange yatakuwa ya kwanza kwenye orodha ya watakaopewa. Kyabu hakumfukuza. Nyumba ilikuwa inavuja pande mbili na masika yalikuwa mlangoni. Alimwambia sawa, na tangu hapo alikuwa akijikasirikia bila kujua kwa nini.

Basi ameketi kwenye benchi la mbele, Kabange kando yake, wajane wa sokoni nyuma yao, anangoja kuitwa aseme ile sawa yake. Mukalay akafungua begi akatoa mche mzima wa sabuni ya kufulia.

"Bamama, munaona hii? Nikiikata juu ya bantu bote benye biko humu, kila muntu atapata povu tu. Povu itamusaidia nini? Iko muzuri nipatie ule mwenye kukosa kabisa."

Kwanza kabisa, huo ulikuwa ujinga. Kyabu amekata sabuni sokoni miaka ishirini na minane. Hununua miche mirefu inayoshuka na treni, huilaza juu ya ubao, huikata kwa waya wa breki ya baiskeli, vipande sawasawa, na nusu ya Kamina huenda misani Jumapili na nguo safi kwa vipande hivyo. Povu! Nani alimfulia Mukalay kaptura za shule, kama si mama yake, kwa kipande cha Kyabu?

Lakini Mukalay alikuwa ameshashuka kwenye jukwaa. Alitazama benchi la mbele, akamwona Kabange, mwembamba, blauzi imeshonwashonwa begani, akamwekea mche mzima mapajani.

Ukumbi ulinguruma. Kabange ni jina la pacha wa pili. Wa kwanza huitwa Kyungu, na Kamina nzima, hata mtoto anayenyonya, inajua kwamba ukimpa mmoja lazima umpe na mwenzake, awe hai au amekufa. Mukalay alizaliwa hapa. Vitabu vilikuwa vimemfanya asahau.

Kyabu alisimama.

"Kyungu wake iko wapi?"

"Mama Kyabu, s'il vous plaît, ile iko exemple, mufano tu."

"Exemple! Miye nilishaona exemple yako." Akamwonyesha Kabange kwa kidole. "Hawa mapasa balikuwa na miezi nane. Bageni bakakuja na maziwa, bakapima bile bimikono kwa kamba. Bakasema, Kabange iko mwembamba, apate. Kyungu iko munene, iko muzuri, asipate. Bakaniambia nisigabule kwa bote babili. Na miye, mupumbafu, nikabaitikia! Nikapa moya, nikanyima mwenzake. Munene njo alikufa, mbele mvua iishe. Na weye unakuya tena na kamba yako ya kupima?"

Kabange alikuwa ameinamisha kichwa. Kisa alikijua, ila hakuwahi kumsikia mama yake akijiita mpumbavu mbele ya watu. Kyabu mwenyewe sasa alijua ile sawa yake ilikuwa imemkasirisha kwa nini. Alikuwa ameitikia mara ya pili.

Akafungua fundo la kitenge, akatoa waya wake. Akauzungusha kwenye mche pale pale mapajani mwa binti yake, akavuta. Nusu mbili, sawasawa kama kawaida yake. Moja akamwachia Kabange. Nyingine akaibana katika kiganja cha kushoto cha Mukalay, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Hii ya Kyungu. Utaipeleka kwa makaburi weye mwenyewe, umwambie alinyimwa juu alikuwa munene."

Mukalay alitafuta msaada usoni mwa wajane, akakuta wote wamesimama.

"Na ile jina yangu ya kwanza kwa orodha, kula nayo," Kyabu akasema. "Andika: bantu bote."

Mukalay akarudi mezani akaandika. Karatasi ilimteleza, maana aliandika kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika sabuni, na hakuthubutu kuiweka chini.