Shimo la Wageni Rasmi

Kwetu huku Dodoma, pamoja na ukame wote huu, sherehe haijakamilika mpaka mgeni rasmi apande mti. Nilipokuwa mwenyekiti wa halmashauri ya mji wetu mdogo nilipanda miti mpaka mke wangu akaniuliza kama nilichaguliwa kuwa bwana misitu.

Siku moja nilialikwa kuzindua madarasa ya shule ya msingi. Nikakabidhiwa mche wa mkwaju, nikaoneshwa shimo. Kingo zake zilikuwa laini kama za kinu cha zamani. Nikamuuliza mwalimu mkuu limechimbwa lini.

"Hili lipo tu, Mheshimiwa," akajibu bila haya. "Ni la wageni rasmi. Wote waliokutangulia walipanda humu humu."

"Na miti yao iko wapi?"

Akamtazama beberu mmoja mnene wa shule, aliyefungwa kivulini akicheua. Beberu huyo huyo ndiye waliyekuwa wameniandalia kama zawadi!

Nilifura kwa hasira, lakini wapiga picha walikuwepo, kwa hiyo nikatabasamu, nikapanda, nikamwagilia. Jumapili tulimchinja yule beberu, na kila mnofu niliutafuna kama ninayelipa kisasi.

Mwaka uliofuata mwalimu mkuu alinipigia simu kwa sauti ya msiba.

"Mheshimiwa, ule mti wako umeshika."

"Hongereni sana!"

"Hongera ya nini, Mheshimiwa? Kesho tuna mgeni rasmi. Sasa huyu atapanda wapi?"