Nafasi ya Nyuma kwenye Pikipiki ya Katekista

Siku ya kwanza kazini Fundi Mkuu hakunipa spana. Aliniambia nichuchumae karibu na gurudumu la mbele, nisikilize. Akalizungusha.

"Unasikia nini?"

"Inakwaruza, shikamoo," nilijibu, maana kwa woga nilikuwa nimesahau kumwamkia.

Alicheka mpaka wateja wakageuka. "Marahaba. Hicho ni chuma kwa chuma. Pedi zimekwisha."

Nawaandikia ninyi mnaojifunza sasa pale Mbinga mjini. Pedi ni vipande viwili vinavyoibana diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu. Tulikuwa tunatoa zilizolika, tunarudisha ndani taratibu pistoni inayozisukuma, tunaweka mpya, kisha tunaminya mkono wa breki tena na tena mpaka uwe mgumu.

Baadaye Fundi Mkuu alinihamishia kibanda chake cha pili, kwenye barabara ya kushukia ziwani. Yeye mwenyewe alikuja huko mara kwa mara. Sheria yake ilikuwa moja: aliyebadilisha pedi anapanda nyuma ya mwenye pikipiki mpaka chini ya mteremko wa kwanza.

"Kazi yako uikalie mwenyewe kwanza," alisema.

Niliona aibu kumng'ang'ania mtu mzima kiunoni, lakini nilipanda.

Siku moja alikuja katekista wa Mbaha na mkewe. Walikuwa wanarudi kutoka Matiri, walikokwenda kumwonesha bibi mtoto wao mchanga. Nilibadilisha pedi za mbele. Nilipokwenda kunawa, katekista akaifuta pikipiki yote kwa tambara lenye oili, kama wengi huku wanavyofanya ili ifike nyumbani inang'aa. Sikumwona.

"Mama, subiri hapa na mtoto," Fundi Mkuu alimwambia mke wa katekista. "Kijana anapanda kwanza."

"Jua linakwenda, fundi," katekista alilalamika. "Huyu hata kuongea haongei. Atanisaidia nini?"

"Uzito."

Tukaondoka. Juu ya mteremko katekista alizima injini na kutoa gia ili abane mafuta. Injini ikizimwa, hakuna kinachoishika pikipiki ila breki. Akaminya ya mbele. Mkono ulikuwa mgumu vizuri, lakini mwendo ulizidi. Akakanyaga ya nyuma, gurudumu likateleza kwenye changarawe.

"Mungu wangu, haishiki!"

Nilimkumbatia kiunoni kwa nguvu. Kona ikafika, sisi tukaenda moja kwa moja ndani ya mibuni.

Nilipofumbua macho, goti langu lilikuwa limegeukia upande. Katekista alikuwa amekaa chini, kahawa mbichi zimejaa kwenye kola ya shati. Mkewe alikuja mbio, mtoto mgongoni, Fundi Mkuu nyuma yake. Fundi Mkuu aligusa diski, akanusa kidole.

"Nani kapaka oili hapa? Pedi zinateleza tu."

Katekista alilitoa tambara mfukoni, akalitazama kama kitu cha mtu mwingine.

Mkewe alionesha nafasi niliyokuwa nimekaa. "Hapo ndipo mimi na mtoto tungekuwa?"

Fundi Mkuu aliinama, akaninyanyua. Nikapelekwa hospitali.

Goti halikukubali tena kuchuchumaa, na fundi asiyechuchumaa si fundi. Nimestaafu nikiwa bado kijana. Sasa nalima kahawa karibu na mteremko uleule. Pikipiki ikishuka kimya, injini imezimwa, nasikia changarawe tu. Naacha jembe, nasimama, na siliinui tena mpaka nimwone aliyekaa nyuma ametokea ng'ambo ya kona.