Maji Ndani ya Mlango

Kasoro ya lile gari niliisikia kabla ya kuiona. Nilifunga mlango wa kushoto polepole, kama baba alivyonifundisha, nikasikia chubwi, kama dafu unapolitikisa. Nikaufungua, nikaufunga tena. Chubwi.

Gari si letu. Ni la mama mmoja wa Nairobi mwenye nyumba hapa Diani, nyumba ambayo baba anaitunza. Sisi tunakaa vyumba viwili vya nyuma, karibu na kisima. Ni gari la rangi ya maziwa, viti vya ngozi, na paa lake ni la kitambaa: ukibonyeza kitufe linajikunja na kujificha nyuma ya viti. Marehemu mumewe alilipenda mno. Mama mwenyewe huja mara chache, akaliendesha hadi Msambweni na kurudi, basi. Siku nyingine zote gari hukaa chini ya mivinje na baba huliosha. Kila asubuhi, liwe limetembea au halikutembea. Akimaliza hulifunika turubai la nailoni na kulikaza kwa kamba, gari lingali limelowa, ili majani ya mvinje yasiliangukie. Mwenye gari huwaambia wageni wake kwamba pwani nzima hakuna anayetunza gari kama baba. Baba hujifanya hasikii, lakini siku hiyo hula vizuri.

Nilikaa na ile sauti siku mbili bila kumwambia mtu. Mimi ni mzito wa kusema. Darasani jibu nikilijua huliandika pembeni mwa daftari, nikangoja mwingine alitaje. Kisha baba akapata ujumbe kwamba mwenye gari anakuja Jumapili, nami nikaona sina budi. Nikamwonyesha. Alifunga mlango, akasikiliza, akainama. Chini kabisa rangi ilikuwa imefura vilengelenge. Alikigusa kimoja kwa kidole, kikapasuka, kutu ikamwagika kama pilipili ya unga.

"Hapa hatuna kazi tena," akasema taratibu. "Wala nyumba."

Fundi aliyekuja kutoka Ukunda ni mtu wa bara. Alitoa viti, akafunua zulia, likatoa harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Akachomeka waya kwenye tundu nyuma ya viti, pale paa linapojificha, akavuta kibonge cha majani ya mvinje yaliyosukana kama nywele. Akazibua na vitundu vya chini ya mlango. Maji ya rangi ya chai yakatiririka kwenye beseni nililolishika.

"Cheki, mzee. Hii gari iko na mashimo ya kutoa maji, kama bafu tu. Yakiziba, maji inaanza kuishi ndani. Kutu ukiiona nje, jua imekula ndani kitambo."

"Na maji yenyewe yametoka wapi?" baba akauliza.

"Si mvua? Mwambie madam ni mvua. Mvua haina mwenyewe."

Baba akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu juzi. "Kweli, fundi. Mvua ni ya Mungu."

Sijui kwa nini nilichovya kidole nikalamba.

"Huyu naye," fundi akasema. "Dada, hiyo si chai. Utaota kutu tumboni."

Maji yalikuwa na chumvi. Kwetu kila mtoto anajua kwamba maji matamu hununuliwa, ni ya kunywa na kupikia. Ya kisima yana chumvi, ni ya kuoga, kufua na kuosha. Pamoja na gari.

Lakini ulimi huweza kudanganya, na pengine ilikuwa ni chumvi ya upepo wa bahari. Nilitaka kujua tu. Nikachukua vifuniko vitatu vya mitungi: kimoja nikatia maji ya mlango, kimoja ya kisima, kimoja ya pipa la mvua. Nikaviweka juani, juu ya ukuta wa kisima. Kesho yake alasiri vilikuwa vimekauka. Baba alivikuta alipokuja kuteka maji.

"Hivi ni nini?"

Nikaonyesha kwa kidole. "Mvua. Kisima. Mlango."

Cha mvua kilikuwa kitupu. Cha kisima kilikuwa na duara jeupe. Cha mlango kilikuwa na duara kama hilo, lenye wekundu. Baba alilamba kimoja kimoja. Kisha akaipindua ndoo, akaikalia.

"Kila siku," akasema. "Sikukosa hata siku moja." Akaniuliza, "Umemwonyesha fundi?"

"La."

"Usimwonyeshe mtu."

Akavichukua. Nilidhani ameenda kuviosha.

Jumapili mwenye gari alifika. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye mlango. Fundi alikuwa ameupiga msasa na kuupaka rangi ya kijivu ya kuzuia kutu, ukaonekana kama umetiwa kiraka. Mwenye gari akauliza ni nini. Nikangoja kulisikia neno mvua. Kusema kweli nilitaka baba alitaje, na nilikuwa nimeshaamua kunyamaza.

Baba akatoa vifuniko mfukoni. "Kutu hii nimeileta mimi, mama. Nalo turubai likayafungia maji humo." Akaeleza yote, majani, kisima, hata mvua aliyoambiwa aisingizie.

Mwenye gari akavitazama vile vifuniko. Kisha akauliza, "Cha mvua ni kipi?"

Baba akanitazama mimi. Ikabidi niseme. "Hicho cha bluu."

Mwenye gari akakilamba. "Hakina kitu," akasema, kama aliyetarajia kitu. Akavilamba na vile viwili, akakunja uso. Akachukua ufunguo, akaenda na gari, akarudi baada ya saa nzima na kumpa baba ule ufunguo.

"Usilioshe tena. Lifungue tu lipate hewa."

"Hata likiwa na vumbi?"

"Hata likiwa na vumbi."

Baba aliitikia vizuri, lakini nadhani neno hilo lilimuuma kuliko kufukuzwa. Siku hizi asubuhi hufungua milango, hukunja paa, husimama na kitambaa kikavu mkononi akitazama vumbi. Kisha huniita nikiwa bado na mswaki mdomoni.

"Njoo usikilize."

Hufunga mlango polepole, nami hutega sikio.